Ramani Nayo Ni Shahidi

Msomaji anayepanda matatu kutoka Changamwe kwenda Port Reitz hulitaja kila siku, pengine bila kujua, jina la ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. John James Reitz alikuwa luteni katika msafara wa Kapteni William Owen, aliyetumwa kuzipima pwani za Afrika katika miaka ya 1820. Owen alitia nanga Mombasa Februari 1824, akaukuta utawala wa Mazrui umebanwa na Sayyid Said wa Omani na unaomba kivuli cha bendera ya Kiingereza. Akakubali, akamwacha Reitz awe msimamizi wa mji. Mwezi wa Mei mwaka huohuo homa ikamchukua. Hakukaa Mombasa hata miezi minne, lakini mkubwa wake alikuwa mtu wa kuchora ramani, na ghuba ile ilipotiwa katika karatasi za jeshi la majini iliandikwa kwa jina la luteni yule. Watu waliokuwa wakitega madema katika maji yale vizazi na vizazi hawakuulizwa wao wanayaitaje.

Tumeanza na habari hii kwa sababu yaeleza jambo ambalo watu wa mwambao tumelilipia gharama kubwa. Mwenye kuchora ramani ndiye hutoa majina, na mwenye kutoa majina mwishowe hukata mipaka. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi za pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa afike mbele ya msajili, athibitishe dai lake, na ardhi ipimwe na kutiwa mawe ya mpaka. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya serikali ya Mfalme. Wengi hawakufika. Wengine hawakusikia kabisa kwamba kuna msajili, na wengine hawakuona sababu ya kumthibitishia mgeni shamba walilorithi kwa babu. Sehemu kubwa ya mashaka ya uskwota ya Likoni, Kisauni na Changamwe yana mizizi katika karatasi zile. Wasomaji wetu wa Likoni wanakumbuka shamba la Waitiki, ekari 930, ambalo serikali ililazimika kulinunua kwa shilingi bilioni 1.1 ndipo wakazi wapewe hatimiliki mwezi wa Januari 2016, na hata hivyo kila mmoja akatakiwa alipe shilingi 182,000.

Kwa hiyo hatukushangaa pale baba mmoja wa Mtongwe alipotujia baada ya sala ya Isha, mwaka jana, na barua mkononi. Binti yake amepata nafasi ya chuo kikuu Nairobi, kusomea elimu ya ramani na setilaiti.

"Shekhe," akasema, "watu wa ramani ndio waliomtoa babu yangu shambani. Leo mimi nimtoe mwanangu akawe mmoja wao?"

Tukamwambia: "Ndugu yangu, babu yako alitolewa kwa kuwa siku ramani inachorwa hapakuwa na mtu wake mezani."

"Na huyu ni msichana."

Mkewe, aliyekuwa ameketi kando na kimya chake, akasema: "Shekhe, mwambie wewe. Mimi nimesema mpaka koo limekauka."

Hatukuwa na jibu la kumtosha usiku ule. Tukamwomba muda, tukaenda kuuliza kwa wanaojua, na makala haya ni sehemu ya tuliyoyapata.

Elimu yenyewe ina majina mengi. Vyuo vingine huiita jiomatiki, vingine husema teknolojia ya taarifa za kijiografia. Msingi wake ni swali ambalo mama huuliza kila asubuhi anapotafuta ufunguo: kiko wapi? Kila kitu kilicho juu ya ardhi, kikiwa kisima, choo, mti, bomba la maji taka au jiwe la mpaka, hupewa namba mbili za mahali pake, latitudo na longitudo, kisha huandikwa pamoja na sifa zake. Habari za aina moja huwekwa katika tabaka lake. Kompyuta huyalaza matabaka hayo moja juu ya jingine, mfano wa fundi wa nguo anayelaza kitambaa chepesi juu ya kielelezo ili mstari wa chini uonekane juu. Ukilaza tabaka la visima juu ya tabaka la vyoo, na chini yake ukaweka mteremko wa ardhi na mapito ya maji, utaona kisima cha nani kimo hatarini kabla mtoto hajaanza kuhara.

Mfano huu hatukuubuni. Watafiti walipovichunguza visima vya Kisauni, mwanzoni mwa karne hii, walikuta maji ya chini ya ardhi yamechafuka kwa vijidudu vya kinyesi. Sababu haikuwa ngeni kwa mtu yeyote anayekaa huko: ardhi ni ya mchanga na matumbawe, maji hupenya upesi, na nyumba zimesongamana hata choo cha huyu kimekuwa jirani wa kisima cha yule. Kila familia peke yake ilijua kisima chake. Hapakuwa na familia iliyoweza kuona visima vyote kwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi ya ramani.

Juu ya hayo kuna macho ya setilaiti. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza Julai 1972, na tangu hapo warithi wake hawajaacha kuipiga picha dunia. Tangu 2008 picha hizo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Umoja wa Ulaya nao una setilaiti za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, na nukta moja ya picha zake ni mita 10 kwa mita 10, pungufu ya kiwanja cha nyumba. Macho haya huona hata mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi mwanga uitwao infraredi. Jani linalonyauka hurudisha kidogo. Basi mtu aliyeketi ofisini aweza kujua kwamba msitu fulani unakufa, na aweza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi aone ulianza kufa lini.

(Wala vijana wetu wasidhani kuwa mambo ya setilaiti ni ya ng'ambo tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi, ikabeba setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikwenda kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Setilaiti ya Kenya yenyewe, Taifa-1, ilikuja kurushwa Aprili 2023, lakini hiyo iliondokea California.)

Sisi tuliosoma madrasa tulikutana na elimu hii mapema, ila hatukuiita hivyo. Kibla hakipatikani bila ya kujua mahali ulipo na mahali ilipo Makka. Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha namna ya kupata mahali pa miji, na kibla kilikuwa miongoni mwa mahitaji yaliyomsukuma. Al-Idrisi alimaliza mwaka 1154, katika kasri la mfalme wa Sicily, ramani ya dunia iliyowekwa kusini juu na kaskazini chini, na katika maelezo yake mji wa Mombasa umetajwa. Na kuna jambo ambalo huwafurahisha sana wanafunzi tunapowaeleza. Makka iko karibu longitudo ya digrii 39.8 mashariki, Mombasa iko karibu digrii 39.7. Tumo katika mstari mmoja. Kibla chetu ni kaskazini, tofauti yake haifiki hata digrii moja, na umbali wake ni kilomita 2,800 hivi. Mtoto wa Kisauni anayeikokotoa hesabu hiyo kwa mkono wake amekwisha kufanya somo la kwanza la jiomatiki, awe amevaa kanzu au sare ya shule.

Twende sasa kwenye mikoko, kwa kuwa hapo ndipo elimu hii inapogusa sufuria.

Mombasa imezungukwa na mikono miwili ya bahari. Upande mmoja ni hori la Tudor, linalopita kati ya kisiwa na Kisauni likaingia hadi Mikindani na Jomvu. Upande wa pili ni Port Reitz, na ndani yake kabisa ni Mwache. Humo humea mikoko, michu, mikandaa na mililana. Humo kamba na samaki wachanga hujificha na kukua, na hapo ndipo wanawake wengi wa bara hii ya Mombasa wamepata kitoweo na biashara ya asubuhi. Mwaka 2014 Dakta Jared Bosire na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha hali ya mikoko ya sehemu hizi mbili kwa picha za kutoka juu, kati ya 1992 na 2009. Mwache ilikuwa imepoteza asilimia 45.4 ya mikoko yake. Tudor ilikuwa imepoteza asilimia 86.9.

Msomaji asiipite namba hiyo haraka. Katika muda wa miaka 17, muda ambao mtoto huzaliwa na kukaribia kumaliza shule, katika kila sehemu kumi za mikoko ya Tudor zilibaki sehemu moja na kitu. Sababu ni zaidi ya moja. Watu walikata boriti na kuni, maji taka ya mji yalielekezwa huko, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka milimani, likaifunika mizizi ambayo mkoko huitumia kuvuta hewa. Mkoko uliofunikwa mizizi hufa umesimama.

Mvuvi mzee wa Mikindani angeweza kuwaambia wakubwa kwamba mikoko imekwisha. Pengine aliwaambia. Jibu linalotolewa kwa wazee twalijua: wazee husema hivyo siku zote. Asilimia 86.9 haijibiwi hivyo. Imetoka katika picha zenye tarehe, kwa njia ambayo mtafiti mwingine aweza kuirudia na kuihakiki, na katika sheria yetu kama katika sheria ya nchi, ushahidi unaoweza kuhakikiwa hauondolewi kwa kicheko.

Tuna mfano pia wa upande wa kheri, nao hauko mbali. Ni mwendo wa kivuko cha Likoni na matatu ya Kwale. Dakta James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, alianza kupanda mikoko upya huko Gazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahali palipokuwa pamekatwa hata kubaki tope tupu. Alipanda, akapima, akaandika. Akaenda Brussels akapata shahada ya uzamivu. Akarudi palepale kwenye tope. Mwaka 2013 ulizinduliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wananchi wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko na kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo huihifadhi, nyingi yake ikiwa imezikwa udongoni. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Umoja wa Mataifa uliupa mradi huo Tuzo ya Ikweta mwaka 2017, na Vanga wakafuata kwa msitu wa hekta 460.

Hapa tunaomba wazazi wazitazame tarehe. Tangu mche wa kwanza hadi shilingi ya kwanza ya kijiji ilipita miaka 20 na zaidi. Na ili kijiji kilipwe, ilibidi pawe na mpaka uliopimwa, idadi na unene wa miti, kipimo cha kilichomo udongoni, na mapatano na Idara ya Misitu, kwa kuwa mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Mwanasayansi asiyejua sheria angekwama, na mwanasheria asiyejua kupima naye angekwama vilevile. Hiyo ndiyo maana ya maneno mazito "utawala wa mazingira": ni nani anaamua kuhusu mti, maji na hewa, anaamua kwa ushahidi gani, na anayeumia atasikilizwa wapi. Jambo la namna hii hulibeba mtu aliyeifanya elimu kuwa kazi ya maisha. Semina ya siku tatu hotelini haiwezi, ijapokuwa chakula chake huwa kizuri.

Lakini kama kuna mahali ambapo kila mzazi wa Changamwe na Jomvu angepaswa kupajua, ni Owino Uhuru, Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi kilianza kazi huko, kikipakana ukuta na mtaa wa watu wapatao 3,000. Vumbi na moshi wake ulitua juu ya mabati, na mabati ndiyo yanayokinga maji ya mvua. Maji yaliyotoka kiwandani yalipita vichochoroni ambamo watoto hucheza peku. Risasi haina harufu, na aliyeimeza hajui kwamba ameimeza. Hukaa katika mifupa, huidhuru mimba, hupunguza akili ya mtoto. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua ugonjwa ambao madaktari walitatizika kuutambua, hata damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyu angeweza kuchukua mwanawe na kuhama. Badala yake aliwauliza kina mama wa mtaa ule kuhusu watoto wao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Na wakazi wakaenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikaona kwamba taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda zina lawama pamoja na kampuni. Mahakama ya Rufaa iliipangua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu anayempora mwenziwe hata shubiri ya ardhi yanajulikana na kila mtoto wa chuoni. Wanachuoni hawakusita kuyapanua hadi kwenye madhara: anayemwaga sumu katika ardhi ya jirani amemdhulumu ardhi hiyo, hata kama ukuta haukusogea. Lakini dhuluma ya aina hii ina ugumu wake. Mporaji wa shubiri huonekana; jiwe la mpaka limehama. Sumu haionekani, na mwenye kiwanda aweza kusema mtoto ameugua kwa lishe mbaya. Kinachomfunga mdomo ni damu iliyopimwa na udongo uliopimwa, kila sampuli ikijulikana imechukuliwa wapi, mita ngapi kutoka kwenye ukuta ule. Udongo usiojulikana umetoka wapi ni mchanga tu mbele ya hakimu.

Na kuna la kuuma zaidi. Sheria ya mazingira ya 1999 yataka kiwanda cha namna hii kifanyiwe tathmini ya athari zake kabla hakijajengwa, ilani itolewe, na wananchi watoe maoni. Katiba ya 2010 ikaongeza kwamba mazingira safi na yenye afya ni haki ya kila mtu. Ripoti za tathmini huwa nene, za Kiingereza kigumu, na huwekwa katika ofisi ambazo mama muuza mahamri hana siku ya kwenda. Ila ndani yake huwa mna ramani, na ramani haihitaji Kiingereza kingi. Hiki hapa kiwanda, hizi hapa nyumba, upepo wa kusi hutoka huku ukienda kule. Kama kila mtaa wa Changamwe ungekuwa na binti mmoja au kijana mmoja awezaye kuufungua ukurasa huo na kuuliza, "Mbona shule haionekani hapa, na ipo?", maombi mengi ya leseni yangeandikwa kwa adabu zaidi.

Sasa kwa wazazi wanaouliza njia. Mtoto anahitaji hisabati kwanza, kisha fizikia na jiografia, na asiiogope kompyuta. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara kamili ya taaluma hii, iliyokua kutoka idara ya upimaji ardhi ya zamani. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja na cha Dedan Kimathi kule Nyeri navyo vinaifundisha. Mtoto akipenda zaidi upande wa bahari na mazingira, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Shahada ya kwanza ya uhandisi wa aina hii ni miaka mitano. Anayetaka kuwa mwanachuoni wa fani hiyo ataongeza uzamili, miaka miwili, na uzamivu, mitatu au zaidi, ambapo hatasoma tena tu bali atatakiwa alete jambo ambalo halikujulikana. Akifika hapo atafundisha, atatafiti, ataitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kitaalamu, ataketi katika kamati zinazoamua dampo liwekwe wapi. Watu wa Kisauni wanaokaa karibu na Mwakirunge hawahitaji kuelezwa umuhimu wa kamati hizo.

Tusisahau pia kwamba Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na wengineo. Waliotoa mali zao walitaka vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi wa zama zao. Ufundi wa zama zile ulikuwa mitambo ya meli na umeme. Hatuoni sababu kwa nini misikiti na jamaa zenye uwezo zisimlipie karo mtoto anayesomea ufundi wa zama hizi, kama tunavyomlipia anayekwenda Madina.

Na binti? Swali hilo tulilipeleka kwa wanaojua, likarudi na jibu la Zanzibar. Mwaka 2016 serikali ya huko ilianza kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani, badala ya kukodi ndege kubwa kwa gharama kubwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wa kiume na wa kike, wakiruka vijiji kimoja kimoja. Watu waliotembelea kazi ile wamesimulia mabinti waliojisitiri vizuri wakisimama uwanjani na kiongozeo mkononi na kundi la watoto nyuma yao. Kazi ya kwenye tope na mashua ipo, nayo ina taratibu zake za safari na usuhuba ambazo mzazi ana haki ya kuziuliza chuoni kabla. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe lakini hufanywa kwenye meza. Tena kuna milango ambayo mwanamume wa utafiti hafunguliwi. Takwimu za maji ya nyumbani, uzazi na maradhi ya watoto hukusanywa ndani ya nyumba, na katika nyumba zetu anayekaribishwa hadi jikoni ni mwanamke. Utafiti wa Kisauni unaofanywa bila wanawake utakosa nusu ya Kisauni.

Haya tuliyarudisha Mtongwe. Baba yule alisikiliza, hakusema ndiyo wala la. Binti ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alikwenda kwenye saibakafe, akatafuta picha za mwanzo kabisa za Landsat, za miaka ile ya 1970, akairudisha moja nyumbani imechapwa kwenye karatasi, akaiweka mbele ya baba yake. Baba akavaa miwani. Akauliza minazi ya babu iko wapi. Binti akamweleza kwamba katika setilaiti ile ya zamani nukta moja ilikuwa karibu mita 80, kwa hiyo mnazi mmoja hauonekani. Shamba zima la babu huenda likawa nukta tatu au nne. Baba akasogeza karatasi kwenye taa, akaweka kidole upande wa bahari, akaanza kuhesabu kuja ndani: moja, mbili. Kisha akamwita mkewe alete kalamu.